Matuta ya Matombo

Ukitoka Morogoro mjini, ukapita Kiroka, unafika Mkuyuni. Ukiendelea na barabara hiyohiyo unaingia Matombo, milima ya Uluguru ikiwa mkono wako wa kulia. Huko Matombo, Julai 1955, mkutano na watu wa serikali uligeuka vurugu, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Chanzo kilikuwa matuta.

Sasa basi, ukitaka kuisoma habari hiyo kwenye karatasi za serikali yenyewe, huipati Mkuyuni. Inabidi upande basi uende Upanga, Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa. Enzi za Mwingereza kila wilaya ilikuwa na kitabu chake, na humo wakaandikwa machifu, koo, mila na kodi. Bwana DC alikaa miaka michache, akahamishwa, mwenzake akaendelea pale alipoishia. Kosa la wa kwanza likawa elimu ya wa tatu! Waluguru ardhi yao ni ya ukoo, tena ukoo wa mama, na kila ukoo una mkubwa wake. Ofisi ilitaka mtu mmoja wa kupelekewa amri, ikamtafuta hadi ikampata.

Amri ya matuta ilipita njia hiyo. Mwaka 1950 ulianza mradi wa kuzuia mmomonyoko, wakulima wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi: mteremko ni mkali, na Mto Ruvu unatoka huko. Lakini udongo mzuri wa Uluguru ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia, unapanda mahindi kwenye udongo wa chini usio na rutuba. Na wenye jembe mkononi wengi walikuwa akina mama. Juu ya hayo watu waliogopa kwamba shamba likishatengenezwa vile litachukuliwa.

Kwa macho ya ofisi, aliyechimba ni mtiifu, asiyechimba ni mkaidi, na nyuma ya mkaidi yupo mchochezi wa TANU. TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu! Baada ya Matombo mradi ukaachwa, na ofisi ikabaki na maelezo yake.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya matuta, mimi namshauri aanzie Mkuyuni, simu ikiwa na chaji ya kutosha kurekodi, ndo baadaye apande basi la Dar. Faili liko kabatini. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule keshavuka 90.