Dibaga na Mashine Mpya: Historia ya Chombo cha Kusaka Hitilafu, kwa Mtazamo wa Masasi na Newala

Historia ya mashine katika wilaya za Masasi na Newala, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya kusini mwa Tanzania, kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata tarehe za kuwasili kwake. Mwaka 1906 Karl Weule, mwanaethnografia kutoka makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na kukaa Newala akiwa na fonografu ya kunasa sauti kwenye silinda za nta pamoja na kamera ya sinema. Katika miaka ya 1950 pampu zilianza kupandisha maji kutoka mabondeni hadi juu ya Uwanda wa Makonde, ambao juu yake hakuna mito ya kudumu. Na katika muongo huohuo reli iliyotoka Mtwara, ambayo ilianza kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, ilifikishwa Masasi, ikafungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Ipo historia nyingine ambayo haisimuliwi sana, nayo ni ya vyombo vya kujulia kwa nini mashine imesimama, na ya nani aliyekuwa na vyombo hivyo mkononi. Kwa upande wa kompyuta, chombo hicho huitwa dibaga, na historia yake ni ya kukimbizana na mashine ambazo kila mara zimetangulia kufika.

Dibaga ni programu inayomwezesha mtunzi wa programu kuisimamisha programu nyingine katikati ya kazi yake, kusoma kilichomo katika kumbukumbu ya mashine wakati huo, kuiruhusu isogee hatua moja kisha isimame tena, na hivyo kufuatilia kosa hadi mahali lilipozaliwa. Mkaguzi wa korosho ghalani hatoi daraja kwa kulitazama gunia kwa nje, bali huchukua sampuli na kuzikata korosho ili aone kiini. Dibaga nayo ni kisu cha namna hiyo, ila hukata kitu kilicho hai ambacho kinatakiwa kiendelee kuishi baada ya kukaguliwa. Ugumu wake wote unatokana na sharti hilo la mwisho, kwa sababu ili kuisimamisha programu bila kuiua, dibaga lazima ijue kwa undani mambo mawili: kichakataji, yaani kile kipande cha kompyuta kinachotekeleza amri mojamoja, na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayogawa kumbukumbu, muda na vifaa kwa programu nyingine zote.

Wataalamu wa kwanza hawakulazimika kuvitenganisha vitu hivyo, kwa kuwa kila kompyuta ilikuwa ya peke yake. Kompyuta ya EDSAC ilianza kazi Cambridge, Uingereza, Mei 1949, na kufikia mwaka 1951 Stanley Gill alikuwa amechapisha makala ya kisayansi kuhusu namna ya kuchunguza makosa ya programu zake, mojawapo ikiwa ni kuitekeleza programu polepole huku mashine ikichapa kila amri inayopitia. Miaka kumi baadaye, katika chuo cha MIT nchini Marekani, kompyuta ya PDP-1 ya kampuni ya DEC ilipata DDT, dibaga iliyomwezesha mtu kukaa mbele ya mashine na kuzungumza nayo moja kwa moja. Chombo hicho kilipendwa kiasi kwamba kila kompyuta mpya ya kampuni hiyo ilitafutiwa DDT yake. Lakini ilikuwa ni kuandika upya zaidi kuliko kuhamisha, na wazo la dibaga moja yenye kuelewa mashine nyingi lilikuwa bado.

Inafaa kueleza kinachohitajika dibaga inapoongezewa kichakataji kipya, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipo. Kitendo cha msingi ni kuweka kituo, yaani mahali ambapo programu itasimama. Dibaga huiondoa amri iliyopo mahali hapo, huihifadhi pembeni, na badala yake huandika amri ya pekee inayokifanya kichakataji kusitisha kazi na kutoa taarifa. Katika vichakataji vya Intel, tangu 8086 ya mwaka 1978, amri hiyo ni baiti moja tu yenye thamani ya 204, jambo linaloonekana dogo hadi mtu ahamie kwenye kichakataji kingine. Vichakataji vya ARM, vilivyoanza kutengenezwa mwaka 1985, vina amri zenye urefu wa baiti nne. Kuanzia mwaka 1994 vikaongezewa seti ya pili iitwayo Thumb, ambayo amri zake zilikuwa za baiti mbili. Basi dibaga isiyojua ni seti gani inayotumika mahali fulani ingeweza kuandika kituo cha baiti nne juu ya amri mbili kwa mpigo na kuiharibu programu iliyotumwa kuichunguza.

Hata baada ya kusimama, vichakataji havikubaliani kuhusu vilikosimama. Kile cha Intel, kikishapita kwenye amri ya kituo, huonyesha anwani iliyo mbele yake kwa baiti moja, hivyo dibaga hulazimika kukirudisha nyuma kabla ya kuendelea, ilhali vingine hubaki palepale. MIPS ya zamani huitekeleza amri inayofuata baada ya amri ya kuruka, kabla kuruka kwenyewe hakujatimia, na kituo kikiwekwa katika nafasi hiyo huleta utata ambao mwandishi wa dibaga lazima ausawazishe kwa mkono. Vipo vichakataji vinavyohifadhi namba kwa kuanza na baiti kubwa, na vipo vinavyoanza na ndogo. Vipo vyenye njia ya maunzi ya kusogea hatua moja, na vipo ambavyo dibaga inapaswa kukokotoa yenyewe amri ijayo itakuwa ipi, iweke kituo cha muda hapo, kisha iachie. Hakuna hata moja kati ya mambo haya linaloonekana kwa mtumiaji, ambaye huandika neno moja tu la kuomba hatua inayofuata. Na huenda ndiyo sababu kazi hii haikupata sifa inayostahili.

Upande wa mfumo endeshi una ugumu wa namna nyingine, ambao ni wa ruhusa. Programu moja haiwezi kuingia katika kumbukumbu ya nyingine bila mfumo endeshi kuruhusu, na kila mfumo huruhusu kwa njia yake. Unix ilileta wito uitwao ptrace, ambao kwa huo programu mzazi husoma na kuandika katika kumbukumbu na rejista za programu mtoto, rejista zikiwa ni zile nafasi chache zilizo ndani ya kichakataji zinazoshika namba zinazofanyiwa kazi wakati huo. Windows NT ya mwaka 1993 haikufuata njia hiyo, bali dibaga husubiri matukio yanayotangazwa na mfumo, kama vile kuzaliwa kwa uzi mpya wa utekelezaji au kupakiwa kwa maktaba, kisha huyajibu moja baada ya jingine. Kwa hiyo dibaga inayofahamu kichakataji cha Intel chini ya Unix haiwi na maana yoyote juu ya kichakataji hichohicho chini ya Windows mpaka mtu akae na kuandika sehemu hiyo.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1986, Richard Stallman alipoandika GDB kama sehemu ya mradi wa GNU, uliokusudia kutengeneza mfumo mzima wa programu huria, yaani programu ambazo mtumiaji ana haki ya kuzisoma, kuzibadilisha na kuzisambaza. Uhuru huo uliamua mwenendo wa dibaga kuliko ubunifu wowote wa kiufundi, kwa sababu aliyekuwa na mashine ngeni hakuhitaji kumwomba mtu. Alichukua msimbo chanzo, akaongeza maelezo ya mashine yake, akairudisha kazi kwa wengine. Kampuni ya Cygnus, iliyoanzishwa mwaka 1989 na John Gilmore, Michael Tiemann na David Henkel-Wallace, iliifanya kazi hiyo kuwa biashara, ikilipwa na watengenezaji wa vichakataji ili zana za GNU zikubali vichakataji vyao, hadi iliponunuliwa na Red Hat mwishoni mwa muongo uliofuata. Karibu na wakati huohuo watunzaji wa GDB waliupanga upya msimbo wake ili maelezo ya kila kichakataji yakae katika jedwali moja linaloweza kubadilishwa programu ikiwa kazini, kwani awali mtu alilazimika kutengeneza GDB tofauti kwa kila mashine. Muundo wa DWARF, unaoeleza uhusiano kati ya msimbo aliouandika mtu na amri zinazotekelezwa na kichakataji, nao ulitoa toleo la pili mwaka 1993 na la tano mwaka 2017, ukawa lugha ya pamoja baina ya dibaga na kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo huo kuwa amri za kichakataji.

Tanzania haikuwamo katika sehemu kubwa ya mwendo huo. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio lililofuata la kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta lilileta hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Wapo wanaoihukumu hatua hiyo kwa ukali, lakini kwa kipimo cha makala hii ilikuwa na mantiki yake: nchi ilikuwa imenunua mashine ambazo haikuwa na namna ya kuzichungulia ndani, kila hitilafu ikimsubiri mgeni. Bahati mbaya ni ya wakati. Mwaka 1977, marufuku ikiwa na miaka mitatu, Unix ilikuwa inahamishwa kwa mara ya kwanza kwenda kwenye kompyuta zisizo za DEC, na kizazi cha wahandisi kilichojifunza kuhamisha programu kutoka mashine hadi mashine kilikuwa kinakua kwingineko.

Kompyuta zilipofika kwa wingi Masasi na Newala, hazikufika kwa sura ya kompyuta. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, mwaka uleule simu ya kwanza ya Android ilipouzwa, na kichakataji cha ARM kikaingia mifukoni mwa wakulima ambao wengi wao hawajawahi kukalia kiti mbele ya kompyuta ya mezani. Programu ya simu huandikwa kwenye mashine yenye kichakataji cha aina moja, mara nyingi Dar es Salaam au ng'ambo, kisha hutumika kwenye kichakataji cha aina nyingine. Kwa hali hiyo GDB ilikuwa na jibu la zamani: programu ndogo iitwayo gdbserver hukaa ndani ya kifaa kinachochunguzwa, na dibaga yenyewe hukaa mbali, zikipelekeana ujumbe mfupi unaoanza kwa alama ya dola na kuishia kwa tarakimu mbili za kuhakiki. Google ilitumia njia hiyo kwa Android, na baadaye ikaiacha GDB na kuchagua LLDB, dibaga iliyotolewa na Apple mwaka 2010. RISC-V, muundo wa kichakataji ulioanza katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka huohuo wa 2010 na ambao hauhitaji kulipiwa leseni, ulipokewa katika GDB mwaka 2018, kabla simu zake hazijaonekana madukani. Angalau mara hiyo dibaga haikuachwa nyuma sana.

Simu iliyo Newala, basi, ina kila kinachotakiwa. Kiini cha Android ni Linux, chenye ptrace ileile ya Unix, na kichakataji chake kinafahamika vyema kwa GDB na LLDB. Kinachobaki ni ruhusa: katika simu ya kawaida, Android haikubali programu ichunguzwe kwa dibaga isipokuwa pale mtengenezaji wake alipoitia alama ya kuruhusu hivyo, na programu zinazowafikia wananchi hutolewa bila alama hiyo. Sababu za usalama zipo na ni za haki, hasa pale fedha zinapohusika. Lakini tangu msimu wa 2024/2025, minada ya korosho za vyama vikuu vya ushirika, TANECU ya Tandahimba na Newala na MAMCU ya Masasi na Mtwara, imeendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX, na mapato ya msimu mzima wa mkulima sasa hupitia katika programu. Vyama hivyo vinapoingia mkataba wowote wa programu, iwe ya mizani, ya usajili wa wakulima au ya malipo, vinapaswa kudai kwa maandishi haki ya kupata toleo linalochunguzika kwa dibaga pamoja na msimbo wake chanzo, na kumteua mtaalamu wao wenyewe wa kuvitumia.