Kupiga windo

Kupiga windo ni kazi ya kuondoa mfumo endeshi wa kompyuta, kusafisha diski kuu na kupakia mfumo mpya, aghalabu Windows. Jina ni la mafundi na wateja wao nchini Tanzania. Lugha ya vitabuni ni kusakinisha upya mfumo endeshi. Makala haya yanaieleza kazi hiyo kwa kutazama Masasi na Newala, mkoani Mtwara, ambako kompyuta ya mtumba ni kitu cha kawaida na fundi wa simu ndiye pia fundi wa kompyuta.

Masasi ni mji wa njia panda, penye barabara za Mtwara, Newala, Tunduru na Nachingwea. Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde. Katika mji wa namna hii kompyuta ya steshenari haiwi ya mtu mmoja. Kijana anayeomba kazi serikalini huja na vyeti vyake, vikapigwa skani. Mwingine anataka fomu ya kujiunga na shule. Mwingine anachapisha risala ya harusi. Mwisho wa mwezi desktopu imejaa mafaili ya watu: vyeti vya kuzaliwa, namba za kitambulisho cha taifa (NIDA), picha za pasipoti, barua za wito. Kompyuta za vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, hubeba mengine tena. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/08, malipo ya mkulima yamezidi kupitia benki, hivyo orodha za majina huambatana na namba za akaunti. Hospitali nazo, kama ya Mkomaindo mjini Masasi, ni mahali ambapo taarifa za mtu ni siri ya matibabu.

Ndani ya jina hili moja zimo kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kupakia mfumo mpya ili mashine iwake vizuri. Ya pili ni kuangamiza data zilizokuwamo. Mteja huamini amelipia zote mbili, kumbe mara nyingi amepata ya kwanza tu. Matokeo huwa kinyume cha matakwa yake. Picha za familia alizotaka zibaki hazionekani tena, na nakala za vyeti alizotaka zipotee zinaweza kufufuliwa na yeyote mwenye programu ya bure na jioni moja ya subira.

Sababu iko katika namna diski inavyotunza vitu. Data hukaa katika vijisehemu vidogo, na kando yake kuna orodha inayoeleza faili gani liko wapi. Ukifuta faili, kinachoondoka ni mstari wake kwenye orodha. Ni sawa na karani wa ghala la korosho kuchana ukurasa wa daftari: magunia bado yapo palepale. Kuformati kwa haraka, ambako huchukua sekunde chache, hutengeneza orodha mpya tupu na kuacha vilivyomo. Kuformati kikamilifu ni jambo jingine, ingawa hata hapo toleo lina maana: Windows XP ilikuwa ikikagua tu kama diski ina sehemu mbovu, na ni kuanzia Windows Vista ndipo mfumo ulipoanza kuandika sifuri juu ya kila kijisehemu.

Fundi huanza kwa flashi. Toleo la Windows hupakuliwa na kuandikwa humo kwa programu kama Rufus, kisha mashine huwashwa huku kitufe kikibonyezwa ili isome flashi kabla ya diski: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Hatua inayoamua kila kitu ni skrini ya kuchagua patisheni. Hapo huonekana orodha ya vipande vya diski: vile vidogo vya kuwashia, C yenye mfumo, na mara nyingi D. Desturi ya mafundi wengi ni kuformati C na kuiacha D, ndiyo maana humwambia mteja aweke vitu vyake D. Ni ushauri mzuri kwa anayebaki na mashine yake. Kwa anayeiuza ni hatari, maana mnunuzi hurithi D nzima bila hata kuhitaji programu ya kufufua. Fundi mwenye haraka naye hufuta patisheni zote, na mwenye mashine akarudi jioni kuulizia hesabu zake za miaka mitatu.

Nusu ya mashine zinazopigwa windo, kwa maoni ya mwandishi, hazikuhitaji. Chukua virusi vya flashi vinavyogeuza folda kuwa njia za mkato. Mteja huona folda zake zimekuwa vialama vidogo visivyofunguka, akadhani kazi imepotea. Mafaili hayajaguswa, yamefichwa tu. Amri moja ya attrib kwenye skrini nyeusi huyarudisha yote, kisha kirusi kikaondolewa kwa programu ya kingavirusi. Kuna pia mashine nzito inayochukua dakika kumi kuwaka. Ikiwa diski yake ya sahani inakaribia kufa, windo jipya litakimbia wiki mbili na uzito utarudi. Fundi makini hupima kwanza afya ya diski, na akiiona mbovu hushauri SSD, diski ya chipu isiyo na sahani. Umeme unaokatika ghafla wakati mashine inaandika huharibu mfumo kweli, hasa kwenye laptopu ambayo betri yake ilishakufa. Hapo windo lina haki yake.

Kuangamiza data kwa hakika huhitaji kuandika juu yake. Kwa diski ya sahani, programu kama DBAN, au amri ya shred kwenye mfumo endeshi wa Linux, huijaza diski yote kwa sifuri au takataka. Diski ya gigabaiti 500 ikiandikwa kwa megabaiti 100 kwa sekunde humaliza kwa karibu saa moja na nusu. Fundi anayesema amefuta kila kitu katika dakika tano hajafuta. Wapo wanaosisitiza kurudia mara 35. Idadi hiyo ilitoka katika makala ya Peter Gutmann ya 1996, iliyohusu diski za teknolojia mbalimbali za enzi hizo, na kwa diski za leo mzunguko mmoja kamili unatosha. SSD hazifuati njia hii. Zenyewe huhamishahamisha data ili chipu zisichakae upande mmoja, kwa hiyo kuandika juu hakufikii kila pembe. Hutumiwa amri maalumu ya ufutaji iliyomo ndani ya SSD yenyewe, ambayo programu ya mtengenezaji huiita. Njia nyepesi zaidi ni kuwa na diski iliyosimbwa tangu mwanzo, kwa BitLocker au LUKS: ufunguo ukiangamizwa, kilichobaki hakisomeki.

Kwamba hatari hii si ya kufikirika imeonekana mara nyingi. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitangaza matokeo ya kununua diski 158 zilizotumika. Kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 tu zilikuwa zimefutwa sawasawa; nyingine zilitoa maelfu ya namba za kadi za benki. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, walinunua nchini Ghana diski iliyokuwa na nyaraka za mikataba ya Northrop Grumman, kampuni ya silaha ya Marekani, kwa dola 40. Mkondo wa mtumba kama ule ulioipeleka diski hiyo Ghana ndio unaoleta mashine Kariakoo, Dar es Salaam, na kutoka huko zikashuka kusini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mwenye steshenari anayeuza kompyuta yenye skani za wateja wake asidhani kwamba sheria hiyo ni ya benki na makampuni ya simu peke yao.

Windo linalopakiwa lina matatizo yake pia. Faili la Windows ni la gigabaiti kadhaa, bando ni ghali, hivyo flashi moja huzunguka kwa mafundi miaka mingi na toleo lililomo hubaki la zamani. Fundi huongeza programu ya kuvunja leseni, akazima kinga na masasisho ili isigunduliwe. Mashine hutoka ikiwa nyepesi na ikiwa wazi kwa kila kirusi. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita duniani kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba Machi ya mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamesasisha. Jambo la kusikitisha ni kwamba laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au baada yake zina leseni yao ndani ya bodi: toleo halali likipakiwa na intaneti ikaunganishwa, hujitambua bila kuvunja chochote.

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo mashine nyingi za kabla ya 2018 hazina. Kwa mtumba wa aina hiyo Linux ni chaguo la kweli, na Kiswahili si kigeni huko: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Diski iliyokufa kabisa haifutiki kwa programu yoyote. Isiachwe kwa fundi wala kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, maana bodi yake ikibadilishwa huenda ikasomeka. Mwenye mashine aidai irudi mkononi mwake, kisha afungue skrubu na kuzipiga nyundo sahani zake hadi zipinde au zivunjike. Kwa SSD, kila chipu ivunjwe; kuvunja kasha tu hakuharibu kitu.