Mashamba ya Mpunga ya Mwea: Ni Kitu Gani Kinachouzwa?

Katika mwaka unaoelezwa humu, wanachama kadhaa waliiendea Halmashauri wakiwa na swali moja. Wameambiwa ya kwamba huko Mwea liko shamba kubwa la mpunga, lenye mifereji na maji ya mto, na ya kwamba mwenyewe analiuza. Je, fedha za chama zaweza kutumiwa kulinunua? Swali hili si dogo, kwa kuwa fedha hizo ni akiba ya wajane na karo za watoto wetu. Kwa hiyo tumeona vema kuwakumbusha wazee, na kuwaarifu vijana, jinsi mashamba hayo yalivyoanza.

Zamani Mwea ilikuwa mbuga ya udongo mweusi, na watu wa Ndia, Gichugu na Mbeere walichunga mifugo yao huko. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na muda si muda kambi za kizuizini zikajaa watu. Mwaka 1954 Serikali ya kikoloni ilianza kuwatumia watu hao kuchimba mifereji ya kuleta maji ya mito ya Thiba na Nyamindi. Kazi ilifanywa kwa mikono, juani, chini ya ulinzi wa askari. Mzee mmoja wa chama chetu alikuwa miongoni mwao. Yeye hali pishori, ingawa harufu yake huwavuta watu wote mezani, na hatukupata kumwuliza sababu mara ya pili.

Mifereji ilipokwisha, watu walipewa makao, wengi wao wakiwa hawana ardhi kwingine. Kila mmoja alipewa ekari 4. Lakini hapa ndipo twaomba msomaji asome polepole: hakupewa hati ya kumiliki. Alipewa leseni. Kwa Kanuni za mwaka 1962, mwenye leseni alipaswa kulihudumia shamba yeye mwenyewe kwa wakati wake wote. Hakuweza kuondoka zaidi ya mwezi mmoja bila ruhusa ya Meneja kwa maandishi, wala kumkaribisha mtu asiyeruhusiwa akae humo. Hata mrithi wake alipaswa kuandikishwa. Akivunja kanuni, leseni yaweza kufutwa, naye akatoka na vyombo vyake.

Mwaka 1966 Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji iliundwa kwa sheria, ikachukua usimamizi. Kenya ilikuwa imekwisha kuwa huru, ila leseni ilibaki leseni. Trekta za Bodi zililima majaruba, Bodi ikaleta mbegu na mbolea na kufungua maji, na mpunga wote ukapelekwa kwake, isipokuwa magunia machache ya chakula cha nyumbani. Gharama zilikatwa kwanza, ndipo mkulima akalipwa kilichobaki. Haki yapasa kusemwa: mavuno yalikuwa mema, na Mwea ilisifiwa mbali. Lakini watoto waliongezeka, ekari hazikuongezeka, na mtu aliyepanda kwa miaka 30 hakuweza kumwonyesha mwanawe mpaka akasema, hapa ni petu.

Mwaka 1998 wakulima walikataa. Walipeleka mpunga kwa chama chao cha ushirika badala ya Bodi, na mwaka 1999 kukawa na mapambano hata watu wakapoteza maisha. Kwa miaka michache wakulima waliendesha kazi wenyewe, wakaonja faida ya kuuza wapendako, na pia taabu ya kuitunza mifereji. Mwaka 2003 Bodi ilirudi kwa mapatano: yenyewe isimamie maji na mifereji mikubwa, na mkulima auze mpunga wake apendapo. Kwa sheria ya mwaka 2019 Bodi imekuwa Mamlaka, na bwawa la Thiba lilizinduliwa mwaka 2022.

Siku hizi ekari 4 za babu mara nyingi zimegawanywa kwa wana na wajukuu, na majaruba mengi hukodishwa kwa msimu. Basi anayesema “nauza shamba” huenda anauza msimu mmoja tu, au nafasi yake katika leseni iliyoandikwa jina la marehemu baba yake, na ndugu wanne hawajaambiwa. Na maji hayauzwi na mtu yeyote. Katiba ya mwaka 2010 imeiweka mito kuwa mali ya umma; mkulima hulipia huduma ya kufikishiwa maji kwa zamu.

Kwa sababu hizo Halmashauri haikutoa fedha. Tumemwandikia muuzaji tukiomba nakala ya leseni, jina lililomo, na idhini ya ndugu zake kwa maandishi. Hadi kitabu hiki kilipopelekwa kupigwa chapa, jibu lilikuwa halijafika.