Kurudisha, Kufuta na Kutangua: Historia Fupi ya Barua Iliyokwisha Tumwa, Kutoka Manyema hadi Barua-pepe

1. Utangulizi

Mtu aketiye mbele ya kompyuta mjini Kindu, akatuma barua-pepe, kisha akatambua kwamba imemwendea asiyepaswa kuisoma, hutafuta mara moja njia ya kuirudisha. Tatizo hilo laonekana kuwa jipya kama chombo chenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni la kale, na kwamba katika nchi ya Manyema liliwahi kuamua uhai wa mtu.

Kiswahili kinatofautisha vitendo vitatu ambavyo huchanganywa katika mazungumzo ya kila siku. Kurudisha ni kukifanya kitu kifike tena kilikotoka. Kufuta ni kuyaondoa maandishi. Kutangua ni kuiondoa nguvu ya neno, ilhali neno lenyewe limebaki. Hoja ya makala haya ni kwamba barua ikishapokelewa, linalowezekana kwa kawaida ni hilo la tatu tu, tena pale ambapo mtumaji na mpokeaji wako chini ya mamlaka moja.

2. Barua mbili za Kibonge

Emin Pasha, tabibu Mjerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer, aliwahi kuwa liwali wa jimbo la Ikweta chini ya serikali ya Misri. Mwaka 1892 alikuwa akipita msituni kutoka upande wa Ituri kuelekea mto Lualaba, akifuatana na Wamanyema. Alikusudia kufika kwa Kibonge, mkuu ambaye makao yake yalikuwa kando ya mto, kati ya mahali ulipo mji wa Kindu leo na maporomoko ya Kisangani. Kibonge alimpa barua ya amani. Emin akakaa kwa Kinena, mkuu mdogo aliyekuwa chini ya Kibonge.

Hapa asili ya neno barua ina maana yake. Latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuachiliwa na kuondolewa dai, na kwa hiyo hati ya idhini. Barua ya Emin ilikuwa barua kwa maana hiyo ya awali: karatasi imlindayo aichukuaye.

Lakini Kibonge alibadili neno lake. Barua ya kwanza ilikuwa imekwisha kutoka mkononi mwake, wala hakujaribu kuifuata. Aliandika ya pili, akaipeleka kwa Kinena, akiagiza mgeni auawe. Mwezi wa Oktoba 1892, Emin alikamatwa akiwa katika kazi zake za kuandika. Alijitetea kwa barua aliyokuwa nayo. Kinena akamwonyesha ya pili. Na Emin, aliyejua Kiarabu vizuri, akaisoma mwenyewe na kufahamu kwamba ya kwanza haikuwa na nguvu tena.

Habari hizi zatokana hasa na maungamo ya Ismaili na Mamba, watu wawili waliohusika na mauaji, ambayo Mmarekani Richard Dorsey Mohun aliyakusanya na kuyachapisha mwaka 1895. Ushahidi wa namna hiyo wahitaji tahadhari, kwani mshtakiwa ana sababu ya kumtwika mzigo aliyetoa amri. Hata hivyo, utaratibu unaoelezwa humo waeleweka: barua ya kwanza haikurudishwa wala haikufutwa. Ilitanguliwa. Nayo iliweza kutanguliwa kwa kuwa Kinena alimtii Kibonge.

3. Barua za Stokes

Kisa cha pili chaonyesha kinyume chake. Charles Stokes, mfanyabiashara kutoka Ireland, alikuwa akija kutoka upande wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na barua zake za biashara zikatekwa na Kapteni Lothaire, ofisa wa Dola Huru ya Kongo. Lothaire alizisoma kuwa uthibitisho wa kuwapelekea silaha maadui wa dola. Stokes alikamatwa, akahukumiwa kwa haraka, akanyongwa Januari 1895. Uingereza na Ujerumani zililalamika, fidia ikalipwa. Lothaire mwenyewe alishtakiwa, akaachiliwa.

Barua hizo hazikuwa na kosa la maandishi. Ziliangukia mikononi mwa msomaji asiyekusudiwa, ambaye hakuwa chini ya amri ya mwandishi wala ya mwandikiwa. Hakuna barua ya pili ambayo ingaliweza kuzitangua.

4. Posta na simu

Dola Huru ya Kongo ilijiunga na Umoja wa Posta Duniani mwaka 1886. Kanuni za umoja huo zina msingi muhimu: barua ni mali ya mtumaji mpaka imfikie mwandikiwa, isipokuwa pale sheria za nchi zinaposema vingine. Kwa msingi huo, mtumaji aliyejuta aliweza kuomba posta iirudishe, hata kwa kutumia simu ya maandishi, ambayo hukimbia kuliko meli na gari moshi. Kwa mji kama Kindu, ambapo mto hukutana na reli ya kwenda Kongolo, safari ndefu ya barua ilikuwa pia muda wa kutubu. Hapo kurudisha kulikuwa kurudisha kweli, kwa sababu barua ilikuwa ingali njiani.

5. Barua-pepe

Barua-pepe imeiondoa njia hiyo. Itifaki iliyoandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982 yasema kwamba kompyuta ipokeayo ikishaukubali ujumbe, dhima yote yawa juu yake. Wala haimo ndani yake amri ya kuuita ujumbe urudi. Huduma ya Gmail, iliyoanza kujaribu kitufe cha kutangua mwaka 2009 na kukithibitisha mwaka 2015, haiurudishi ujumbe: huuzuia usitoke kwa sekunde zisizozidi 30. Programu ya Outlook huweza kuuondoa ujumbe katika sanduku la mpokeaji, lakini kwa kawaida ndani ya taasisi moja tu. Ni hali ileile ya Kibonge na Kinena. Ujumbe ukivuka mpaka wa taasisi, uko katika hali ya barua za Stokes.

6. Hitimisho

Kwa hiyo, jina la kurudisha linalopewa kitufe hicho lapotosha, nalo laweza kuleta hasara. Mwalimu aliyetuma alama za wanafunzi kwa anwani isiyo yake, au karani aliyetuma orodha ya mishahara, akiamini kwamba ameirudisha, hatawaarifu wale ambao siri yao imetoka. Njia iliyobaki ni ileile ya kale: kuandika barua ya pili, upesi na kwa uwazi, kumwomba mpokeaji asiitumie ya kwanza, na kuwajulisha waliodhuriwa. Barua ya pili ya mwaka 1892 ilimwua mtu kwa sababu aliyeipokea alitii. Ya leo nayo haina nguvu nyingine ila hiyo hiyo: hiari ya yule anayeisoma.