Ute wa Yai na Sukari ya Kabuye

Biskuti ya meringi haina unga wala siagi. Ni ute wa yai na sukari tu. Jina lake lilichapwa Ufaransa mwaka 1692 katika kitabu cha mpishi François Massialot, na ukiikuta Kigali utasema Wabelgiji ndio walioileta. Pengine. Lakini ukishuka kutoka nyumba ya Richard Kandt, Mjerumani aliyeanzisha mji huu mwaka 1907, hadi Biryogo, mtaa wa Waswahili, utaona njia nyingine.

Misafara ya pwani ilifika Tabora na Ujiji miaka mingi kabla, ila Rwanda iliifungia mlango. Waswahili waliingia pamoja na Wajerumani: askari, makarani, wachuuzi. Mwaka 1913 msikiti wa Al-Fatah ukajengwa, na mapishi ya pwani yakapanda mlima nao. Kwetu pwani kuna mkate wa mayai: mayai na sukari hupigwa mpaka yaumuke, unga ukachanganywa taratibu, kisha sufuria ikapaliwa makaa juu na chini. Kwa hiyo naamini Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916, mkono wa kupiga mayai ulikuwa umekwisha kufika.

Mayai yenyewe yana historia yake. Katika Rwanda ya kale kuku alikuwa wa waaguzi, waliosoma matumbo yake, kuliko wa chungu. Utamu ulikuwa asali, na asali haifai hapa: huvuta unyevu, nayo meringi hutaka kukauka. Sukari ndiyo nguzo. Ndiyo maana kwangu kituo kikubwa cha njia hii ni Kabuye, pembezoni mwa mji, kwenye kiwanda cha mwaka 1969 ambacho baadaye kilichukuliwa na kampuni ya Madhvani ya Uganda. Miwa yake hutoka kwenye mabonde yenye majimaji ya Nyabarongo.

Nyumbani, chukua ute wa mayai manne, usiwe na hata tone la kiini, kwa maana mafuta yake huua povu. Bakuli liwe kavu kabisa. Piga mpaka povu lisimame, ndipo utie gramu 200 za sukari iliyosagwa, kijiko baada ya kijiko, hadi ling'ae na usisikie chembe ukilisugua vidoleni. Chota madonge madogo, uyaweke katika oveni ya nyuzi 100 kwa saa moja na nusu, kisha uizime na kuyaacha humo humo yapoe. Hii ni kazi ya kukausha zaidi kuliko kuoka. Kigali iko juu ya mita 1,500, hewa ni nyepesi, povu huvimba haraka. Usilipige kupita kiasi. Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, hukauka vizuri sana. Mvua za Aprili huzilegeza biskuti ndani ya saa chache, basi ziingie kopo lenye mfuniko zikiwa zimepoa tu. Viini vinavyobaki mimi huvitia katika maandazi.