Sarafu ya Mkutano wa Arusha

Septemba 1978 wajumbe wa nchi za Afrika walikusanyika Arusha kwa mkutano wa kumi wa kanda wa FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo. Benki Kuu ya Tanzania ikauadhimisha kwa sarafu ya shilingi 5 yenye sura ya Mwalimu Nyerere. Mkutano umesahaulika, lakini sarafu za namna ile zilitumika hasa.

Si kawaida. Sarafu nyingi za kumbukumbu huishia kabatini. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru, zote za madini ya fedha, pamoja na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma, ya uzito unaopita gramu 33. Zilikusudiwa wakusanyaji, ili sehemu ya mapato isaidie uhifadhi wa wanyamapori. Nani angetoa dhahabu dukani apewe unga? Mfugaji wa Terrat, Arusha, aliyemjua twiga kwa macho yake, hakuwa na njia ya kumshika huyu wa fedha.

Shilingi 5 ilikuwa na habari nyingine. Ilianza 1971 kuadhimisha miaka kumi ya uhuru, nayo ikapitia sokoni, dukani na mifukoni, ikibeba ujumbe wa taifa huku ikinunua chumvi. Watu wakaiita dala. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, magari ya abiria yaliyokwepa sheria jijini Dar es Salaam yalitoza nauli ya shilingi 5, na makonda wakanadi "dala, dala!" Hadi leo abiria wa Terrat anayekwenda mjini hupanda daladala. Ushahidi gani mwingine unahitajika kwamba watu waliitumia?

Kilichoiondoa ni bei kupanda. Mwezi mmoja tu baada ya mkutano, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera. Vikaja vita, kisha mafuta yakapanda bei duniani, na maduka yakabaki matupu. Mwaka 1986 shilingi ilishushwa kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola moja. Dala haikufichwa na mtu. Ilikosa tu cha kununua.

Mwaka 1998 ikatoka sarafu ya shilingi 200 yenye simba, na 2014 ya shilingi 500 yenye Karume na nyati. Nyati huyo haadhimishi mkutano wowote, ila ndiye anayepita mkono kwa mkono kati ya abiria na konda kwenye barabara za Terrat.