Mkusanyaji Asiyekusanya

Kijana anayetaka kuwa mwanasheria wa teknolojia huhimizwa ajifunze kompyuta. Si ushauri mbaya, ila mimi ningemwanzishia neno moja: mkusanyaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inamtofautisha mkusanyaji na mchakataji. Wa kwanza ndiye anayeamua taarifa zichakatwe kwa lengo gani na kwa njia gani. Wa pili huzichakata kwa niaba yake. Lakini kukusanya, tunavyolitumia neno hilo kila siku, ni kazi ya mkono, ilhali sheria inamsaka mwenye uamuzi. Kwa mfano, Nairobi mwaka 2023 watu walipanga foleni kwenye jumba la mikutano la KICC wapigwe picha za mboni na mradi wa Worldcoin, wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Walioshika kifaa cha kupigia picha hizo, cha mviringo na kinachong'aa kama mpira wa chuma, walikuwa vijana wa mawakala. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zile zifutwe. Amri kama hiyo ukimpelekea kijana wa foleni, atafuta nini?

Wapo watakaosema basi tutumie mdhibiti, neno linalosikika Kenya. Kwa sikio la Mtanzania litapotosha zaidi. EWURA ya nishati na maji ni mamlaka ya udhibiti, LATRA ya usafiri wa ardhini vilevile; benki ikiitwa mdhibiti wa taarifa itadhaniwa ndiyo msimamizi, kumbe ndiyo inayosimamiwa. Wengine watasema neno si hoja, kwa kuwa mahakamani fasiri ya sheria huishinda kamusi. Ni kweli, ila mikataba mingi haifiki mahakamani, na wanaoisaini hawafungui kifungu cha fasiri. Mkurugenzi wa hospitali anayekodi programu ya kuandikisha wagonjwa ataona jina "mkusanyaji" na kumwachia mzigo mwenye programu, maana ndiye anayepokea majina na namba za simu. Mwanasheria anayeijua kazi yake hatabuni istilahi mpya. Atabaki na ile ya sheria, kisha kifungu cha kwanza cha mkataba akiandike wazi: hospitali ndiyo inayoamua, hivyo hospitali ndiyo mkusanyaji, hata kama hakuna mtumishi wake aliyeingiza jina hata moja.